Picha Nne Kabla ya Saa Kumi

Bi Futi alibonyeza "Tuma" kwa mara ya kumi na moja, akaiinua simu juu karibu na dirisha, mkono umenyooka, kisigino kimeacha sakafu. Alama ya duara ilizunguka, ikazunguka, ikachoka. Maneno mekundu yakajitokeza tena: Haijatumwa. Jaribu baadaye.

"Imekwenda?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Iende wapi! Imekaa kwenye kisanduku cha kutokea, imekunja nne."

Neno lilimtoka kabla hajalitafuna. Mtu wa mguu mmoja hakunji nne. Alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni, akamkuta anatabasamu.

"Basi ina raha kuliko mimi," mumewe akasema. "Hebu ijaribu tena."

Bi Futi si jina alilopewa na wazazi. Ni jina la barazani anaposhonea, kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake, hata akienda msibani. Mumewe waliomjua kazini walimwita Bati, kwa kuwa aliezeka nusu ya mapaa ya mtaa ule. Miezi minane iliyopita alianguka kutoka kwenye mojawapo ya mapaa hayo, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Hayo ya ajali tuyaache. Wenyewe wameyasimulia kwa wageni mpaka yakawachosha.

Lililokuwa mezani Ijumaa ile ni jambo moja tu. Kulikuwa na karakana ya miguu ya bandia, mji wa mbali, ambayo kila mwaka ilitengeneza miguu kumi bila malipo kwa watu kumi. Muuguzi wa hospitali, Mungu ampe maisha marefu, alimwandikisha Bati wiki tatu zilizopita. Alimfungulia Bi Futi barua pepe kwenye simu yake, akamwonyesha pa kubonyeza, akamwambia mambo mawili: fomu, vipimo na picha nne za mguu zitumwe kutoka anwani hiyohiyo waliyojiandikisha nayo, na mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Ukichelewa, mpaka mwakani. Na muuza mabati wa barabara kuu alikuwa amesema wazi kwamba anataka mtu wa kupima na kukata mabati dukani, mtu anayeijua kazi. "Nikikuona umesimama mbele yangu, Bati, kazi ni yako." Hakusema atamngoja mwaka mzima.

Vipimo havikumpa Bi Futi shida. Alikipima kigutu cha mumewe sehemu tatu, kama ilivyotakiwa, kwa futi ileile anayopimia mabega ya mabibi harusi. Ni picha zilizowatoa jasho. Bati aliahirisha wiki mbili nzima. Wiki ya tatu alikubali, akafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano, akasema, "Piga upesi. Na usimwonyeshe mtu."

Ndiyo maana walichelewa mpaka siku ya mwisho. Sasa picha zilikuwa tayari, fomu imejazwa, na barua haitaki kutoka.

Waliizima simu wakaiwasha. Waliigusa ile alama ya ndege, wakaitoa. Bi Futi alikimbia kibandani kununua bando jipya kwa hela ya vifungo vya sare alivyokusudia kununua mchana ule, akarudi anahema. Walizipunguza picha ukubwa. Barua ilikaa palepale.

Saa saba kasorobo alipiga namba ya karakana. Karani aliyepokea alikuwa na sauti ya upole, na hilo likamzidishia uchungu, maana alikuwa amejiandaa kugombana.

"Mama yangu, ningekuandikia mimi mwenyewe kama ingewezekana," karani alisema. "Lakini mafundi wanafanyia kazi barua pepe tu, na lazima itoke kwenye anwani iliyoandikishwa. Watu wanane wameshaleta. Zimebaki nafasi mbili."

"Na ikifika saa kumi na dakika moja?"

"Orodha inafungwa saa kumi, mama. Pole sana."

Aliposhusha simu sikioni, damu ilikuwa imemchemka, na mtu wa kumwagiwa alikuwa mmoja tu, yule aliyekaa kitandani.

"Umeichezea nini hii simu?"

"Mimi? Sijagusa kitu."

"Unashinda nayo kutwa! Mimi naondoka alfajiri, nairudia jioni. Nani mwingine aliyekaa nayo? Huna kazi nyingine humu ndani zaidi ya kuparazaparaza simu, na hiyo moja umeiharibu!"

Bati alichukua shuka, akajifunika kutoka kiunoni kwenda chini, ingawa kulikuwa na joto. Bi Futi alitamani ayarudishe yale maneno mdomoni, lakini kiburi na haraka vilimshinda. Alichukua mkoba.

Kwenye kiti karibu na mlango, mama mkwe wake alikuwa akichambua maharage. Alipomwona mkwewe na simu mkononi, aliinuka nusu.

"Unakwenda nayo wapi, mwanangu?"

"Naitafutia dawa, mama."

"Na mimi? Mnaondoka na saa yangu! Nitajuaje wakati wa kumeza vidonge?"

"Mwanao atakwambia, mama," Bi Futi alijibu, tayari yuko nje. Hakuwa na nafasi ya kulifikiria neno lile. Ndani ya nyumba hiyo hakukuwa na saa ya ukutani, kila mtu alijua hivyo.

*

Duka la chapa lilikuwa na foleni ya watu watano. Wanafunzi wawili, mzee mwenye hati ya kiwanja, mama mwenye mtoto mgongoni, na mtu mmoja mnene aliyekuwa akichapishiwa kadi za mwaliko, mia na ishirini, moja moja. Bi Futi alisimama pale akiutazama mkono wa mwenye duka ukizigeuza zile kadi, akatamani aingie kaunta amsaidie.

Zamu yake ilifika saa nane. Mwenye duka, mwanamke wa miwani na kucha ndefu, aliichukua simu, akaielekeza kwenye mwanga.

"Bando unalo?"

"Ninalo, dada. Nimenunua sasa hivi."

"Labda kilichoambatishwa ni kizito. Tuone." Akaigusa barua. Picha ya kwanza ikajaa kioo kizima, kigutu kimetokeza wazi, na mshono wake mrefu. "Maskini! Hii nini, amekatwa? Ni kisukari?"

Foleni nzima ilinyoosha shingo. Mwanafunzi mmoja alifunika mdomo. Mzee wa hati alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Bi Futi kuliko kicheko. Alipitisha mkono juu ya kaunta, akakifunika kioo kwa kiganja.

"Dada, naomba usizifungue. Niliahidi."

Mwenye duka alishtuka. Hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake ulikuwa haupiti kwanza kichwani. "Nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Tufanye hivi, tuifungue barua pepe yako kwenye kompyuta yangu, tutume kutoka hapa. Nipe paswedi."

"Paswedi?"

"Neno la siri. Uliloandika siku ya kwanza."

Bi Futi alitazama dari. Neno aliliandika muuguzi. Lilikuwa na namba, na herufi kubwa, na kitu kama nyota. Aliambiwa aliweke mahali. Aliliweka, kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, na kipande kile pengine kimeshakuwa ukosi wa shati la mtu.

"Silijui, dada."

"Basi simu ndiyo inayokukumbukia. Usije ukajitoa humo, hutaingia tena." Mwenye duka alimrudishia simu kwa mikono miwili. "Nenda kwa fundi simu wa kona, yule wanayemwita Daktari. Mwambie nimekutuma mimi, asikuweke foleni. Na sikulipishi kitu."

*

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, na meza ndogo ya kioo chini ya ngazi za jengo, ambamo simu zilizofunguliwa zililala matumbo wazi. Alikuwa na jicho moja kwenye lenzi na bisibisi nyembamba mdomoni. Kuambiwa jina la mwenye duka hakukumsogeza.

"Nimalize hii, dada. Nikiiacha hapa, vipande vyake vitapeperuka."

Bi Futi alikaa kwenye kigoda. Alitazama simu yake. Saa tisa kasoro dakika kumi. Alitazama tena. Saa tisa na dakika tano. Aliizungusha futi ya kupimia vidoleni mpaka ikamwachia alama. Maneno aliyomwambia mumewe yalimrudia moja moja, huna kazi nyingine humu ndani, na kila yaliporudi yalikuwa machafu zaidi. Mtu aliyepanda mapaa tangu ujanani. Mtu ambaye, hospitalini, dawa za usingizi zilipomwisha, swali lake la kwanza lilikuwa, "Lile paa nimelimaliza?"

Hatimaye Daktari alinyoosha mkono. Aliuliza maneno machache. Alijaribu mtandao, ulikuwapo. Alifungua gazeti moja mtandaoni, likagoma, likaleta onyo kuhusu usalama. Akakunja uso.

"Simu zinapigika?"

"Zinapigika."

"Ujumbe mfupi?"

"Unakwenda."

"Ila barua pepe na mitandao vinagoma. Tangu lini?"

"Sijui, fundi. Sisi hatuna mambo ya mitandao. Tunapiga na kupokea tu."

Aliitazama kwa muda, akaigeuza, akachungulia hata tundu la chaji. Bi Futi alijua kwa kumtazama kwamba hajui. Fundi asiyejua ana namna yake ya kupapasa, hata yeye huwa anakipapasa kitambaa hivyo wakati hajaona pa kuanzia kukata.

"Ngoja niazime mtandao wa simu yangu," Daktari akasema. Akaitoa yake mfukoni, akaiwasha, akazilaza simu mbili bega kwa bega juu ya meza ya kioo.

Akatulia. Akainama. Akavua lenzi.

"Dada. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika ishirini na mbili," alisema Bi Futi, akisoma simu yake. "Fundi, muda wangu unaisha."

"Simu yako imeandika tisa, ishirini na mbili."

"Ndiyo. Si ndiyo saa tisa na ishirini na mbili?"

"Ni kweli kabisa. Lakini tazama yangu."

Ya Daktari iliandika 15:22. Bi Futi alizitazama zote mbili, asione kosa liko wapi. Simu yake ilisema kweli. Nje jua lilikuwa la saa tisa, watoto walikuwa wakitoka shule, kila kitu kilikuwa cha saa tisa.

"Simu haihesabu kama sisi," Daktari alisema, na kicheko kilianza kumpanda tumboni. "Yenyewe inaanza kuhesabu usiku wa manane. Ikiandika tisa, maana yake ni saa tatu asubuhi. Huko inakopeleka barua, mtambo unaiuliza kwanza, kwako sasa hivi ni saa ngapi? Hii inajibu, saa tatu asubuhi. Mtambo unaona huyu ni mwongo, siwezi kumwamini, unafunga mlango. Mtu ameirudisha saa yako nyuma kwa saa sita, dada. Na amefanya kazi safi, kwa sababu mimi mwenyewe nimeitazama mara tatu nikaona iko sawa!"

Alicheka sasa waziwazi, akapiga paja. Bi Futi hakucheka. Alisikia sauti ya mama mkwe wake: mnaondoka na saa yangu.

Wiki mbili zilizopita bibi huyo alitoka hospitali na vidonge vya presha, vyeupe vya asubuhi, vya njano vya mchana, vyeupe tena vya jioni. Siku ya pili alishameza vya asubuhi, akaitupia jicho simu iliyoandika 7:00, akasema ni saa saba hiyo, akameza na vya mchana hapohapo. Walimkuta ameegemea mlango, dunia inamzunguka. Bi Futi alishinda siku nzima akimwelekeza: mama, simu ikisema saba, wewe toa sita. Bibi alitoa sita, akajumlisha sita, akakasirika, akalia. Kesho yake lile tatizo liliisha. Bi Futi alikuwa na sare arobaini za kumaliza, hakuuliza liliishaje. Hata yeye, hesabu aliyozoea kuipiga kichwani kila akitazama saa iliacha kuhitajika, na kichwa hakikulalamika.

Yule asiye na kazi humu ndani alikuwa amekaa na ile simu, akaipekuapekua mpaka akapata pa kuigeuza, ili mama yake asome saa kama anavyoitamka, ameze dawa zake bila kumuuliza mtu. Halafu akasahau, kama mtu anavyosahau kwamba alifunga mlango. Sijagusa kitu, alisema. Na hakuwa amedanganya. Kwake kile hakikuwa kitu.

"Rudisha, fundi," Bi Futi alisema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Irudishe kama wanavyotaka wao."

Daktari aliirudisha, hata ile hesabu ya saa ishirini na nne iliyokuwa imeondolewa. 15:26. Hakuhitaji kubonyeza kingine. Alama ya duara ilizunguka yenyewe mara mbili, na ile barua iliyokaa tangu asubuhi ikatoka kisandukuni kimyakimya. Imetumwa.

Wote wawili walikaa wameinamia kioo. Daktari aliacha kicheko, wala hakuirudia kazi yake. Dakika zilipita. Saa kumi kasorobo simu ililia.

Tumepokea fomu, vipimo na picha. Vipimo ni safi sana, hongera kwa aliyepima. Nafasi yako katika orodha: 10.

Bi Futi alisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Kisha aliinamisha uso ndani ya mkoba wake akalia, na Daktari akajifanya anatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Nikulipe nini, fundi?"

"Nikulipishe kurudisha saa? Sina bei ya hiyo." Alirudisha lenzi jichoni. "Ila nani aliyeigeuza? Natafuta msaidizi wa mikono mitulivu kama hiyo."

"Ana kazi tayari," Bi Futi alisema, na alijisikia fahari iliyomjaa mpaka shingoni. "Asante, fundi. Asante sana. Mungu akuzidishie."

Alipita kwenye duka la chapa akamshukuru na mwenye miwani, juu ya vichwa vya foleni. Njiani alimpigia karani, si kwa jambo, ila kumwambia asante.

*

Bati alikuwa amekaa palepale, shuka palepale. Bi Futi alipiga magoti sakafuni mbele yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata siku ya posa.

"Umepata. Wewe ni wa kumi."

Bati alimshika mkewe kichwa kwa mikono miwili.

"Na lile nililolisema mchana," Bi Futi akaendelea, "nilisema upuuzi. Simu ilikuwa imerudishwa nyuma saa sita ili mama asome saa za dawa zake. Mwaka mzima ningezunguka nayo nisijue. Mimi niliona mtu amekaa tu. Nisamehe, mume wangu."

Bati alihesabu kwa macho, sita, saa, simu, kisha akajipiga paji la uso. "Ni mimi! Mimi mwenyewe nilitaka kujikosesha mguu!" Akaanza kucheka, akicheka na kufuta machozi kwa shuka. "Mke wangu, kwa hiyo hukukosea. Niliichezea kweli!"

"Uichezee tena. Uichezee kila siku."

Saa moja ilipofika bibi aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Kumi na tisa? Saa gani hii tena, jamani? Kuna kumi na tisa?"

"Ni saa moja, mama," Bati alisema. "Meza vyeupe. Kuanzia leo nitakutajia mimi."

"Wewe!" Bibi aliguna. "Ukishapata mguu utakaa humu unitajie saa? Siku ya kwanza tu tutakutafuta kwa tochi."

Walicheka wote watatu, na bibi ndiye aliyecheka zaidi, kwa sababu ndiye aliyelisema akaliamini.

Bi Futi aliinuka. Nyuma ya mlango ilining'inia suruali ya kazi ya mumewe. Miezi minane iliyopita, majirani walimshauri aukate mguu wa kulia apinde vizuri, yeye ni fundi, ingependeza. Alikataa. Aliukunja tu kwa ndani, akaushikiza kwa uzi mweupe, kwa hatua ndefu za mshono, kama nguo inayongoja kujaribiwa. Sasa alikaa karibu na taa, akalikata fundo la uzi, akaufumua uzi taratibu mpaka ukatoka mzima, na mguu wa suruali ukashuka ukagusa sakafu.

Uzi hakuutupa. Alichukua kipande cha kitambaa cha buluu, akautunga kwenye sindano, akaanza kudarizi namba kubwa, moja chini ya nyingine. Saba, na kando yake kifungo cheupe. Kumi na tatu, kifungo cha njano. Kumi na tisa, kifungo cheupe. Alipomaliza alikibandika ukutani juu ya kiti cha mama mkwe wake.

Bibi alikisogelea, akailinganisha simu na kitambaa, namba kwa namba, akaridhika. Akapitisha kidole juu ya darizi.

"Uzi mzuri huu, mwanangu. Umeutoa wapi?"

"Kwenye suruali ya mwanao, mama," alisema Bi Futi. "Haina kazi nao tena."